Uso wa Kisogoni

Mume wangu Asseko ni mbishi. Nimekaa naye miaka thelathini hapa karibu na mji wa Oyem, najua ninachosema. Kuchonga anajua, kusikia hajui.

Mwaka ule alikuwa anachonga kinyago cha kuvaa kichwa kizima, chenye nyuso nne, kwa ajili ya Andeme. Andeme alikuwa mjane, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuvua nguo za msiba. Lakini shemeji yake, Nzue, alikuwa akimsema mgongoni kwamba ndiye aliyemroga mumewe. Mbele yake, kimya! Ngoma ya kinyago hicho isipomsafisha, Andeme angefukuzwa, na shamba lake la kakao lichukuliwe na Nzue.

Jumatano Asseko akakosea. Kwa haraka zake alikausha mti mbichi juu ya moto, uso wa nyuma ukapasuka toka paji hadi kidevu.

Nzue akaja kuchungulia. "Aa, ndugu yangu, tatizo liko wapi? Ziba na utomvu, paka udongo mweupe, basi. Nani anaangalia kisogo cha kinyago?"

"Wewe," Asseko akamjibu.

Nzue alipoondoka nikamwakia mume wangu. "Siku tatu zimebaki, wewe mwanamume! Unaonyeshwa njia, unaringa!"

"Mama Oyane," akaniuliza, "Andeme anasemwa wapi? Mbele?"

Nikachukua panga, tukaenda kukata mti mwingine.

Alichonga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilimlisha muhogo kwa mkono wangu ili asiweke tezo chini. Safari hii moto hakuusogelea. Kinyago kikabaki kibichi, kizito. "Shingo ya mchezaji itavumilia," alisema.

Jumamosi marimba zikalia. Mchezaji akazunguka uwanja, akasimama akimpa Nzue mgongo. Uso mweupe wa kisogoni ukamkodolea macho. Nzue akahamisha kigoda, akakutana na uso wa kando. Akahama tena, mwingine huo! Watu wakaanza kucheka.

Mkubwa wa ukoo akatangaza kama ilivyo desturi, "Mwenye neno na mjane huyu aliseme mbele ya kinyago."

Nzue akakohoa. "Sina neno."

"Hatujasikia!" nikapiga kelele.

"Sina neno!"

Andeme hakusubiri kusaidiwa. Alivua zile nguo za msiba mwenyewe, akazitupa miguuni pa Nzue, akaingia kucheza.