Nyumba Zilizojengwa Kwenye Ngitili

Nilirudi Ngulyati juzijuzi kumzika shangazi, na kilichonigutusha, ndugu yangu, ni ukimya. Nilishuka barabarani mchana wa jua kali, nikatazama kule ilikokuwa ngitili yetu, nikaona mabati ya bluu safu kwa safu, nyumba zinazofanana kama mapacha. Hapakuwa na nguo kwenye kamba. Hapakuwa na hata kuku.

Kama hukukulia Usukumani, ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote ili nyasi zikue, ng'ombe wapate chakula kiangazi kikibana. Yetu ilikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, na kisima chake hakikukauka hata mwaka wa njaa. Huko ndiko bibi alikotupeleka kuchuma mlenda na kuokota kuni. Tulikwenda na michembe mfukoni, vile viazi vitamu vya kukausha, tukitafuna mpaka taya zikauma, mikono ikinuka utomvu.

Ila jua likisimama utosini, nyenje wote walinyamaza kwa pamoja, kana kwamba mkono mmoja umewaziba midomo. Kisha chini ya nyayo zetu tulisikia kitu kama maji yanayomezwa polepole. Bibi alituketisha palepale.

"Tulieni," alinong'ona. "Nchi inakunywa. Hapa sote ni wageni."

Tulikaa bila kupumua sawasawa mpaka nyenje waanze tena. Bibi alikuwa mwanamke wa kufukuza fisi kwa fimbo. Sikumwona akiogopa kitu kingine.

Miaka ya karibuni akaja mwekezaji, ikaitishwa mikutano. Mmoja nilihudhuria, nikiwa likizo. Shangazi alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasalimia, "Mwangaluka." Kisha akasema, "Maji ya vilima vyote hivi hulala pale bondeni. Mkipajenga, yatalala wapi?"

Afisa wa mwekezaji alimjibu kwa heshima, kama mama yake. "Mayu, tutachimba mitaro. Wataalamu wameshapima."

"Na ng'ombe wetu watakula nini kiangazi?"

Hapo afisa aliinamia simu yake. Tuliopinga tulinyoosha mikono, tukajikuta wachache. Vijana wengi walitaka vibarua, na siwalaumu. Haukupita muda, miti yote ikalala chini.

Tulipomaliza mazishi, jirani yetu mmoja, aliyenunua nyumba kule kabla ya wengine, aliniomba nikaione. Ukutani palikuwa na ufa unaopitisha kiganja.

"Kiangazi unafunguka, masika unafumba," alisema. "Udongo huu haukubali kubebeshwa."

Sebule ilikuwa tupu. Akaniambia nisubiri kidogo, tukasimama kimya, jua likipanda. Upepo ulikatika ghafla. Ndipo nikasikia, chini ya marumaru, kitu kinameza polepole. Maji yakachomoza kwenye maungio, safi, ya baridi, yasiyo na harufu yoyote, yakaja taratibu mpaka kwenye viatu vyetu. Nje palikuwa pakavu kabisa. Nilitaka kuketi palepale, kama zamani kwa bibi.

"Maji tungeyazoea," jirani alisema. "Mke wangu aliondoka na watoto pale mtoto wetu mdogo alipoanza kuitika."

"Kumwitikia nani?"

"Hatujui. Sisi wengine hatusikii mtu akiita."

Niliwaza jinsi tulivyowazika mmoja mmoja waliojua namna ya kuishi na lile bonde: wakati wa kuingia, wakati wa kutoka, wakati wa kunyamaza. Ujuzi ule haukuandikwa popote, na nyasi zimeondoka nao. Ng'ombe siku hizi wanapelekwa mbali kule Itilima, na wengine hawarudi. Ila bonde lenyewe halikwenda popote.

Tulipotoka, jirani alifunga mlango kwa kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika. Nilimuuliza anaogopa nani ataingia, ilhali ndani hamna hata kiti.

"Sifungi kwa ajili ya wa kuingia," alisema, akaongoza njia.