Moteri Iliyotetemeka

Mimi huwa nashindwa kuvumilia watu wanaosema gari ni gari tu. Waje Uvira Jumamosi, wasimame kando ya barabara kuu waone msafara wa harusi, ile tunayoita kortege: fanfari ya matarumbeta inapiga mbele, pikipiki zinazunguka, gari la maharusi katikati linakwenda mwendo wa mguu, na kila shofere aliye nyuma amelalia klaksoni, yaani honi. Halafu waniambie kama bibi harusi aliyefungiwa ndani ya gari la vioo shangazi zake hawatamsema mwaka mzima.

Ndiyo maana mimi, ninayekodisha nguo za harusi pale Songo, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi wa magari, tulikubaliana kununua dekapotabule, gari la kukunja paa. Tungelinunua likiwa limechoka, kisha tungelibadilisha polepole: rangi ya maziwa, viti vipya, kiti cha nyuma kiinuliwe ili bibi harusi aonekane na mji mzima. Na shofere angekuwa baba.

Hapo kwa shofere ndipo palipokuwa na siri yangu. Baba aliendesha kamyo ya mizigo kati ya Uvira na Bukavu maisha yake yote, na watu walikuwa wanamletea magari asikilize tu. Aliinamisha kichwa, akafunga macho, akataja ugonjwa, na fundi alipofungua alikuta ndio huo. Sasa masikio yalikuwa yamekwisha. Nilijua mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, na nilimwona anavyotazama midomo ya watu. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Tangu aache kamyo alikuwa anashinda mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa. Siku tulipotaja gari la harusi, alinyoa ndevu na kutafuta viatu vyake vya safari. Mdogo wangu angejua, angemnyima ufunguo siku ile ile, maana kwa mambo ya barabara hana huruma. Na angekuwa na haki, jambo ambalo lilizidi kuniumiza.

Tulikwenda Bwegera kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Alikuwa ameteremsha magari mawili bandarini Kalundu, sura moja kama mapacha, moja la silinda sita na jingine la silinda nne. Alitaka kuuza moja, lolote. Yalikuwa yamesimama uani, nyuma ya mashine ya kukoboa ambayo siku hiyo ilikuwa imezimwa. Mdogo wangu alipofungua boneti ya lile la silinda sita na kuona injini, nilimwona amekwisha kupenda.

"Hii njo moteri," alisema. "Kesho tukiongeza vitu, itakuwa na nguvu mpaka Bukavu. Ile ingine ni ndogo, kiisha utaanza kutafuta moteri ya kubadilisha. Juu ya nini kufanya kazi mara mbili?"

Baba aliweka kiganja juu ya moteri ya kwanza, kisha ya pili. Zote zilikuwa baridi, akaridhika. Yeye husema moteri iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika ni kama mchumba aliyefundishwa majibu. Kisha akainama kutazama matairi, na wakati huo huo muuzaji akawasha ile ya silinda sita. Ilinguruma kidogo ikatulia, laini mno, ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake.

"Mzee, sikiliza," muuzaji alisema kwa fahari.

Baba alinyanyuka, akainamisha kichwa na kufunga macho kama zamani. Sote tulingoja. Akafungua macho, akamtazama muuzaji.

"Washa basi," alisema.

Moteri ilikuwa inawaka. Nikacheka kwa nguvu kabla mtu mwingine hajasema lolote. "Papa iko na mzaha," nilisema. "Anasema iko laini mpaka haisikiki." Muuzaji akacheka, akafurahi hata. Mdogo wangu alicheka pia, lakini alichelewa.

Ile ya silinda nne ilipowashwa, gari zima lilitikisika. Boneti ilitetemeka, kioo cha pembeni kikatetemeka. Baba aliweka mkono juu ya bodi, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Hii," alisema.

Mdogo wangu alisimama mbele yake akapinga. Baba alimtazama mdomo mpaka akamaliza, kisha akamjibu taratibu. "Kortege inatembea namna gani? Polepole, jua la saa sita. Moteri kubwa inataka upepo, itachemka bibi harusi akiwa juu. Na hii ndogo iko kwenye taksi zote za Uvira, kipuri utakipata hata usiku. Sikio halipiti kichwa, mtoto wangu."

Tukaijaribu kuelekea Luberizi, paa limekunjwa, baba kwenye usukani, mimi kando yake, mdogo wangu nyuma. Mbele tukakuta ng'ombe wamejaza barabara, tukawafuata mwendo wao. Mdogo wangu alikuwa anachungulia sindano ya joto, nayo haikusogea. Nilianza kupumua. Ndipo nikasikia kamyo nyuma yetu, mzigo mpaka juu, inapiga klaksoni mfululizo. Ng'ombe walijisogeza kulia, kushoto kukabaki wazi. Kamyo ikaingia kushoto ipite. Baba naye akakata usukani kushoto.

Nilimshika goti kwa kucha zote. Alirudi kulia, na kamyo ikapita karibu kiasi kwamba vumbi lake liliingia mdomoni mwangu. Shofere wake alitutukana mpaka ukoo.

"Papa, haukusikia klaksoni?" mdogo wangu aliuliza kutoka nyuma.

Baba alikuwa anatazama mbele.

"Ng'ombe zilikuwa zinalia," nilisema mimi. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya gari, na bado nikasema uongo.

Lile la silinda nne ndilo tulilonunua, maana hata mdogo wangu alikubali kwamba nyuma ya ng'ombe halikuchemka. Wiki hiyo hiyo akaanza kazi. Alianza na mipira inayoshikilia moteri, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imekwisha na ndiyo iliyoleta mtikisiko. Alikuja na mipya ndani ya karatoni. Baba alikuwa ndani ya gari anapangusa usukani, moteri inawaka, na boneti ikiwa wazi imemficha mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nawaona wote wawili.

"Papa," mdogo wangu alisema, sauti yake ya kawaida. "Hii gari nimepata mutu wa kuinunua. Anakuja kuichukua."

Baba aliendelea kupangusa.

Mdogo wangu alirudia, kwa sauti kubwa zaidi. Baba akapuliza vumbi kwenye dashibodi. Basi mdogo wangu akachomoa waya mmoja, moteri ikazimika.

"Imezimika," baba alisema palepale mtikisiko ulipokoma, anatazama miguu yake. "Juu ya nini?"

Mdogo wangu aliinua kichwa akanitazama. Alinivuta mpaka ukutani.

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na weye ulijua. Ile kamyo ingetuua, dada."

"Najua. Lakini ukimnyima hii, atarudi kukaa mlangoni mpaka afe. Minye nitakaa naye mbele kila siku."

"Barabara kubwa ya nje ya mji, hapana. Sitaki hata kusikia."

"Na kwenye kortege?" nilisema. "Fanfari mbele, klaksoni nyuma. Pale nani anasikia kitu?"

Mdogo wangu akarudi kwenye gari, akaunga waya, akaokota ile mipira mipya na kuirudisha ndani ya karatoni.

Leo gari lina rangi ya maziwa, viti vipya, na kiti cha nyuma kimeinuliwa. Jumamosi iliyopita bibi harusi mmoja alilalamika kwamba maua yanamtikisika mkononi, kwamba picha zitaharibika. Mdogo wangu alikuwa anatembea kando ya gari, kama afanyavyo siku zote.

"Vumilia, mama," alimwambia. "Hii moteri iko hivyo. Haina dawa."

Dawa iko juu ya kabati la gereji, ndani ya karatoni yake. Baba alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.