Matozi, Machozi, Matsozi

Mkono wa mume niliyeachana naye niliuvunja mimi, kwa mchi wa kinu, sokoni Malindi, mchana kweupe, watu wakitazama. Nalisema hili mapema kwa sababu hata leo wapo wanaodai kwamba aliteleza. Hakuteleza. Nilimpiga, na lau wasingenishika ningempiga tena.

Ugomvi ulikuwa wa jina. Mamangu alikuwa akipika achari ya maembe nyumbani kwetu Shella, hapo hapo Malindi, tangu mie sijaota meno. Maembe mabichi aliyakata, akayatia chumvi, akayaanika darini siku tatu, kisha akayapika kwa siki na sukari guru na pilipili kavu nilizozitwanga mimi. Ilikuwa kali hata mtu mzima akalia mbele ya wakwe zake. Basi watu wakaiita achari ya matozi. Mamangu alizaliwa Lamu, na kwao chozi ni tozi. Nyumbani kwetu aliyesema machozi alichekwa, akaambiwa anazungumza kama kitabu cha shule.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini chupa zetu zilikuwa zikienda mpaka Mambrui na Kilifi, na mahoteli ya ufuoni nayo yaliagiza. Mume wangu wa siku hizo ndiye aliyetuchukulia mzigo kwa pikapu yake, na ndiye aliyetoa shauri: jina liandikishwe serikalini kabla hajatokea mjanja akalichukua. Lilikuwa shauri zuri, siwezi kumnyima haki yake. Tukafunga safari sisi watatu hadi Nairobi.

Karani aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Aliandika Matozi, akalitazama lile neno, akauliza maana yake. Mume wangu akamwambia ni machozi. Karani akaweka kalamu chini, akamgeukia mamangu.

"Mama, ningekuwa wewe ningeandikisha na Machozi pia," alisema. "Na kama kuna namna nyingine watu wanavyolitamka, hiyo nayo. Cheti hiki kinalinda kilichoandikwa tu, herufi kwa herufi."

Hapo mume wangu akakumbuka wateja wetu wa Ganze, waliokuja mjini na magunia ya makaa wakarudi na chupa zetu. Wale kwa lugha yao husema matsozi. Kwa hiyo kitu kimoja kikawa na majina matatu.

Mie nikacheka. Wallahi nilicheka mbele ya mtoto wa watu. Nikamwambia mamangu kwamba hayo mengine si majina, ni watu wasiojua kusema. Nani atakubali achari yake iitwe kwa Kiswahili cha redio? Mamangu hakujua kusoma, na kwa kila karatasi alinitegemea mimi. Akaitikia kwa kichwa, akasema analosema mwanangu ndilo hilo, akatia dole gumba kwenye Matozi peke yake. Kiburi kile kilikuwa changu, hakikuwa chake. Mume wangu alikaa kando yetu. Alikuwa akisikiliza.

Ndoa yetu haikufika mbali. Yeye alikuwa mwepesi wa mkono, na mie sijui kunyamaza. Mara ya kwanza alinipiga kwa sababu ya chai iliyopoa, mara ya pili kwa sababu nilimkumbusha ile ya kwanza. Mara ya tatu aling'oa jino langu hili la mbele, nami nikampasulia sahani kichwani, na kesho yake akaniandikia talaka. Nikarudi Shella na sanduku langu na pengo langu. Mamangu akasema alhamdulillahi, tutapika.

Mwaka haukwisha. Nilipeleka mzigo Kilifi, mwenye duka akaniambia amekwisha kuletewa. Na nani? Akanionyesha chupa kama yetu, lebo nyekundu kama yetu, imeandikwa Machozi. Watu wa makaa nao walikwisha kupelekewa zao huko huko Ganze, na hizo ziliandikwa Matsozi. Yule aliyekuwa bwana wangu alikuwa amerudi Nairobi peke yake akajiandikishia yote mawili, yale niliyoyacheka. Nilinunua chupa moja nikaonja. Embe halikuona jua hata siku moja, siki tupu. Lakini mnunuzi atajuaje? Wote walidhani ni yetu. Mwanamke mmoja alimfuata mamangu sokoni, akamwambia usoni kwamba siku hizi amekuwa mvivu. Mamangu aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga chupa. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alichokuwa nacho duniani ni jina lile na mie, basi.

Kisha akaja mwenyewe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yetu sokoni natwanga pilipili, mamangu yuko mbele anapanga chupa. Yule bwana alikuja na wapagazi wawili na vyeti vyake mkononi, akatangaza kwa sauti kwamba Matozi ni Machozi kwa lugha nyingine, kwamba sisi tunawahadaa wateja wake, na kwamba anazichukua chupa zetu mpaka mahakama iamue. Vyeti vyenyewe havikumpa ruhusa hiyo, lakini nani pale sokoni aliyejua sheria? Wapagazi wakaanza kubeba. Mamangu akalikamata kreti la mwisho kwa mikono miwili.

"Baba, hii ni kazi yangu," alimwambia. Alimwita baba, hata siku ile.

Yule bwana akaipiga meza teke. Chupa zote zikaanguka kwenye saruji, zikapasuka. Kigae kimoja kilimchana mamangu mguu, kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kifundo, na ile siki na pilipili yake mwenyewe ikamwingia ndani ya nyama. Ukelele alioupiga sijausikia tena maishani, na naomba Mungu nisiusikie tena.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mchi uko hewani, na mkono wake akiuinua ajikinge, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa. Akaanguka. Nikamkalia kifuani. Nikachota pilipili kwenye kinu, gao zima la kujaza mkono, nikamshindilia machoni kwa viganja viwili, nikasugua.

"Lia," nikamwambia. "Matozi, machozi, matsozi, chagua mwenyewe."

Alilia kwa yote matatu. Wanaume wanne walinivuta, na mmoja wao nikamng'ata bega, muuza samaki masikini asiye na hatia, baadaye nilimwomba radhi. Nilikuwa nimefurahi. Siwezi kuandika uongo hapa nikajifanya nilijuta. Mamangu alikuwa chini, damu na siki zimechanganyika, na mie moyo ulikuwa unanicheza kwa furaha.

Niliwekwa rumande. Ilisemekana mkono utaunga lakini jicho moja huenda lisione tena, na jicho la mtu lina miaka yake gerezani. Wanawake niliolala nao waliniuliza nimefanya nini, nami niliwasimulia kwa majigambo, na ile ya "chagua mwenyewe" niliirudia kila alipoingia mgeni. Nikawaambia nikitoka nitayaandikisha yote, hata ambayo hayajatamkwa. Wahenga wamesema hasira hasara, nami nilidhani hasara ni ya aliyepigwa. Mamangu alikuja kunitazama mara moja, anachechemea, mguu umefungwa kitambaa. Aliniuliza kama nakula. Nikamjibu nakula. Akaondoka.

Wiki ya tatu niliitwa, nikaambiwa mlalamishi ameondoa mashtaka, niende zangu. Ah, nilitembea hadi Shella kichwa juu! Ameogopa, nikajiambia. Amejua mie ni nani.

Nilimkuta mamangu uani, amekaa mkekani, gunia la maembe ubavuni mwake. Ukutani zilipangwa chupa zilizokwisha kujazwa, na lebo nyekundu zimebandikwa. Nikasoma. Nyingine zilikuwa Machozi, nyingine Matsozi, na nyingine Matozi, na chini ya zote tatu lilikuwa jina la mtu yule.

Nikamuuliza ni nini hiki. Akanieleza taratibu, huku akiendelea kukata maembe. Alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa mtu yule, kwa mguu ule. Yule bwana, mkono umo ndani ya plasta na jicho limefunikwa, alimwambia atanisamehe kwa jambo moja: Matozi iwe yake, na mamangu ampikie. Karatasi ilikuwa tayari. Mamangu akatia dole gumba.

Damu ikanipanda kama siku ile. Nikainua chupa ya kwanza nikaibamiza ukutani. Ya pili. Ya tatu. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba ameuza kazi ya maisha yake kwa mbwa, kwamba afadhali ningeozea ndani. Nilipoinyoosha mikono kwa ya nne, mamangu akasimama. Hakuwahi kunipiga, hata nilipokuwa mtoto mtundu. Alinipiga kofi mpaka sikio likavuma.

"Nimelitoa jina ili utoke," alisema. "Ukivunja na hizi, nitatoa nini tena?"

Kitambaa cha mguuni kilikuwa kimeanza kulowa damu upya kwa sababu alisimama ghafla. Nikaliona pigo langu lote mwanzo mpaka mwisho, na lilikuwa limeangukia hapo.

Nikazoa vigae. Nikapiga deki uani, nikanawa mikono, nikakaa mkekani kando yake, nikachukua kisu cha pili, nikaanza kukata maembe ya mtu yule.