Kirungu cha Gia na Mkono Nisiouomba

Pikapu ya jirani yangu haikuwa yake. Mwenyewe, tajiri wake, alikuwa na duka mjini, na jirani aliiendesha tu, akileta mkaa kutoka Chanika mpaka Temeke. Iliingia nchini miaka mingi iliyopita, na kila mwaka ilipoteza kitu. Mwaka ule ilipoteza kirungu cha gia, kile cha juu ambacho dereva hukishika. Ikabaki fimbo ya chuma iliyofungwa tambara.

Jirani alikuja kwangu Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye unayechonga mipini ya mapanga? Nichongee kirungu. Gia inalia, na tajiri anasema Ijumaa atapanda mwenyewe mpaka Pugu. Ikilia mbele yake, usukani anampa mtu mwingine."

Nilikubali kabla hajamaliza. Lazima nikiri hapa kwamba sikuwahi kutengeneza chochote cha gari. Ufundi nilijifunza peke yangu, kwa kuvunja vitu vya nyumbani na kuvirudisha, na kuendesha gari sikujua kabisa. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kikitoka mikononi mwangu kikiwa na dosari ya unene wa ukucha, silali. Nikaona, kirungu ni kirungu. Nitamchongea kinachomkaa mkononi kama kilizaliwa naye.

Nikakanda unga wa ngano na chumvi, nikamwambia aubane ili nipate alama za vidole. Akanyoosha mkono wa kulia. Nilijua gia iko kushoto kwa dereva, hilo nilikuwa nimelichungulia dirishani. Lakini mie ni mtu wa bara, na katika miaka yangu miwili ya kukaa na watu wa pwani nilikuwa nimeshaambiwa mara nyingi mno kwamba kwa kushoto hapewi mtu kitu, wala hakipokelewi kitu. Kumwomba mzee wa Kizaramo, swala tano, anikabidhi mkono wa kushoto niukandamize kwenye unga wa chakula? Ulimi ulinigoma. Nikajiambia, mikono ya mtu ni pacha. Nitapima wa kulia, kisha nitageuza.

Nilichukua mninga uliokauka. Nikachora vipimo vya unga kwenye karatasi, nikavigeuza kwa kuiinua juani na kuisoma kwa nyuma. Nikachimba vishimo vinne vya vidole na kimoja cha dole gumba, nikapiga msasa mpaka mti ukawa laini kama yai. Chini nilizamisha nati iliyolingana na hesi za ile fimbo, ile mikato ya kukazia. Jumanne jioni nikakikaza. Hakikucheza hata kidogo. Nilikipapasa kwa mkono wangu wa kushoto nikakaribia kulia kwa furaha.

Jumatano gia ililia zaidi.

"Gia ya pili, mwanangu," alisema jirani. "Nikiivuta, inaniponyoka."

Sikuelewa. Nikakifungua, nikakikaza upya. Nikapunguza kishimo cha kidole cha shahada. Ikalia. Nikaongeza kina cha vingine. Ikalia. Nikapima fimbo kwa uzi kuona kama imepinda, na kweli ilipinda, lakini ilikuwa imepinda tangu zamani na gia zilikuwa zikiingia. Sikula mchana. Nilianza kufikiri labda nati yangu ina kasoro isiyoonekana, au mninga unavimba kwa jasho, au labda mie si fundi, ni mtu anayependa tu kupiga msasa.

Alhamisi nikamwomba nipande naye. Tulikwenda mpaka Gongo la Mboto na kurudi. Alikuwa ameweka kitambaa cha kufutia jasho juu ya kirungu, na mkono wake ulikuwa chini ya kitambaa hicho.

"Joto," alisema. "We angalia barabara."

Nikaangalia barabara, kama mtoto mtiifu.

Tuliporudi aliingia ndani kuswali alasiri. Nikabaki na kirungu. Kulikuwa na vumbi la mkaa kila mahali kwenye gari lile, na mninga ni mti mwekundu, unaonyesha uchafu. Kishimo cha dole gumba kilikuwa cheusi. Cha shahada na cha kati, vyeusi. Viwili vya mwisho vilikuwa safi kama nilivyoviacha kwenye msasa. Nilivitazama muda mrefu kama mpumbavu. Hata nilivipuliza vile vyeusi, nione kama vumbi litapeperuka.

Alipotoka, nilimwambia nikiwa nimeinamisha macho, "Mzee, uniwie radhi sana. Nipe mkono wa kushoto."

"Tangu lini mtu akaombwa kushoto?"

"Niwie radhi."

Akatazama barabarani huku na huku, kisha akautoa chini ya kanzu. Kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimenyooka kama vijiti. Nilivishika. Havikukunjika.

"Mwaka sasa," alisema. "Gunia liliniangukia. Tajiri hajui, na wewe hukuona."

"Kwa nini hukuniambia nilipokupima?"

"Ulinitaka mkono, nikakupa mkono wa heshima. Ungetaka mwingine ungesema. Nyie watu wa bara mkijifunza adabu mnapitiliza!"

Akacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa nafikiria mteremko wa Pugu, gari limejaa mkaa, na vile vidole viwili. Nilijua ningeweza kukataa kumchongea kingine. Nilijua pia nikikataa, kesho hana kazi. Sikuamua, niliona tu mikono yangu imeshachukua patasi.

Nilichonga kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuchonga. Kipande kifupi kilicholala kama mpini wa tezo, kizito upande mmoja, na ndoano ya kuvutia kwa kiganja bila msaada wa vidole vya mwisho. Sikukipiga msasa, ili kisiteleze.

Ijumaa baada ya swala tajiri alipanda, nami nikakaa nyuma juu ya magunia matupu, nikihesabu kila gia kwa sikio. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Tulipanda Pugu na kushuka, haikulia hata moja. Tulipofika, tajiri akakishika kile kitu, akakunja uso.

"Kitu gani hiki? Hakishikiki! Umepima mkono wa nani, fundi?"

"Wake," nilisema.

Hakuuliza upi. Jirani alikuwa ameshaurudisha wa kushoto chini ya kanzu.

Bado anaendesha. Watu wananiletea kazi, wanasema mie ndiye niliyeinyamazisha gia ya pikapu ile, na kila wanaponisifu sijui nishukuru au niombe msamaha, na kwa nani. Ninachojua ni kimoja. Nikiisikia inakuja, naingia ndani nafunga mlango. Nikisimama nje atanisalimu, na kwa adabu yake atainua wa kulia, na wa kushoto uko kwenye gia, usukani hauna mkono.