Nailoni Chini ya Feni

Kwenye duka moja la kompyuta pale mtaa wa Asiatique, nilimkuta fundi anamjaribia mama mmoja feni mpya ya kupoza prosesa. Joto likapanda hadi digrii tisini na tano, kompyuta ikazimika.

"Apana, hii feni ni mubovu!" mama akasema, mkoba tayari begani.

Fundi akaing'oa, akaigeuza. Kitako chake cha chuma bado kilikuwa na nailoni ya kiwandani, iliyozuia joto lisitoke.

"Niliiacha ili ikae mupya," fundi akanong'ona.

Mama akaibandua kwa ukucha, kicheko kimembana. Wakajaribu tena: hamsini na tano! Duka zima tukapiga makofi.

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikajitupa kwenye kochi letu la miaka mitatu, nailoni yake ya dukani ikalia chwaa. Shati likalowa jasho. Nikanyoosha ukucha niibandue.

"We!" mke wangu akapiga kelele. "Iache ikae mupya!"