Siku Tuliyosimama Kuhesabiwa

Jumamosi iliyopita Mama Tekla, jirani yetu wa utotoni, alipanda kutoka ziwani na mzigo wake wa usipa wakavu, wale dagaa wa kwetu, akaniletea kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Sikuhitaji kukifungua. Harufu ilikuwa imekwisha kujaa chumba: harufu ya tope la ufukweni, ya samaki aliyebanikwa, na kitu kingine kama majani yaliyoungua ambacho sijapata kukinusa mahali pengine. Ulikuwa mkate wa nkungu, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama wingu. Ulikuwa mweusi, wa duara, umekandamizwa kwa viganja hata alama za vidole zimebaki juu yake.

Mume wa shangazi yangu, ambaye ni Mmatengo wa hapa Mbinga, alichukua kikombe chake cha kahawa akainuka.

"Ninyi Wanyasa," alisema, "mtakula mbu mpaka lini?"

"Si mbu," shangazi akamjibu bila kugeuka. "Na wewe ulikuja mwenyewe kuposa kwa wala nkungu. Hakuna aliyekufunga kamba."

Mkate ule ulitoka kwa dada yangu Agnesi. Haukuja na barua, kwa sababu Agnesi hajui kuandika. Tangu siku hiyo situlii. Naanza kupalilia mibuni, naacha katikati. Nakaa, nasimama, nakwenda mlangoni kutazama upande ambako milima inateremka kwenda ziwani, ingawa ziwa lenyewe halionekani kutoka hapa. Mimi si mwepesi wa kuandika, na kusema ndiyo kabisa. Lakini jambo hili naona heri niliandike polepole kuliko kuzunguka nalo shambani.

Tulizaliwa Lwandai, kati ya Kihagara na Lundo. Hapo milima imekuja karibu na maji kana kwamba inataka kunywa, na mchanga uliobaki ni mwembamba kama mkanda. Watu walikuwa wachache na nyumba zilikaa mbalimbali: moja kwenye mlango wa kijito, mbili nyuma ya miamba, ya bibi yetu peke yake penye mihogo. Ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani, lilikuzimikia njiani. Watu waliamkiana kwa kupaza sauti juu ya maji, na waliogombana walilazimika kugombana hivyo hivyo, kwa hiyo hakukuwa na siri. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda Tanga kwenye mkonge. Waliobaki nao walizungumzia kuondoka. Hata upepo wa mwera ulikuwa hivyo, haukuvuma siku mbili namna moja.

Nilikuwa na miaka kama saba, Agnesi kama kumi, siku Jumbe alipoleta habari. Bwana wa elimu, Mzungu, angekuja kutoka Songea. Akikuta watoto arobaini wamesimama, Lwandai ingepata mwalimu. Wakipungua, mwalimu angepelekwa kijiji kingine upande wa kusini, kupita rasi mbili za mawe ambazo mtoto hawezi kuzivuka kila siku.

Hakuna aliyeitaka shule ile kuliko Agnesi. Katekista mmoja mpita njia alikuwa amemwonyesha herufi mbili za kwanza za jina lake, A na G, kabla hajaitwa kwenda kula. Agnesi aliziandika kwenye mchanga asubuhi na jioni. Mawimbi yalizifuta, naye akaziandika tena. Habari ilipokuja alizunguka na Jumbe nyumba kwa nyumba kukusanya watoto. Walihesabu mara tatu wakapata thelathini na wanane. Basi Kosmasi, kijana aliyekuwa tayari na mchumba, alinyoa ndevu. Mtoto wa Mama Tekla, ambaye hajajua kusimama, ilipangwa ashikwe kwapani. Wakatimia arobaini.

Ilikuwa miezi ya mvua. Mihogo ya zamani ilikuwa imekwisha, mipya haijakomaa, na usipa walikuwa wametoweka. Siku tatu tulikuwa tumekunywa uji mwepesi, ule ambao ukiuangalia unajiona uso.

Bwana alifika asubuhi kwa mashua, pamoja na karani wake aliyevaa viatu. Tulipangwa mstari mmoja juu ya mchanga, kuanzia kwenye kibanda cha sala mpaka majini, mama zetu wamesimama nyuma. Agnesi alikuwa wa mwisho kabisa, mawimbi yakimfikia miguuni, nami nilikuwa karibu naye. Bwana akaketi kwenye meza aliyowekewa mchangani, akasema atakunywa chai kwanza, kisha atahesabu.

Hapo Agnesi alinishika mkono akaniminya mara moja, si kwa nguvu. Nilimtazama. Alikuwa amekaza macho kwenye ile meza wala hapepesi. Nikadhani anamwogopa Mzungu.

Chai haikuisha haraka. Mwishowe karani aliinua kichwa akanyoosha kidole ziwani.

"Bwana, meli inakuja."

Tukageuka sote. Mbali huko juu ya maji ulisimama kama moshi, wa rangi ya kahawia, umeinama kidogo.

Msomaji, mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya kanga ya mama. Shikamoo yangu ilisikika kwa mwenye masikio mazuri tu. Lakini siku hiyo nilijua kitu ambacho mtu mwenye viatu hakukijua, na neno likanitoka kabla sijaliita.

"Si moshi," nilisema. "Ni nkungu."

Sauti yangu ilikuwa kubwa. Nakumbuka niliipenda.

Bibi yetu alikuwa akisema kwamba nkungu hana miadi. Alitembelea fimbo, lakini siku ile fimbo ilibaki mchangani na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufikia ungo wake. Kina mama wakamfuata, wakilowesha nyungo majini ili wadudu wanase. Kisha mstari ukakatika. Kosmasi alitimua mbio na kidevu chake kipya. Mama Tekla alimnyakua mwanawe kama furushi. "Simameni, jamani, simameni kidogo," Jumbe alisihi, mpaka mke wake alipopita akamtia ungo mkononi, naye akasimama nao akiutazama. Halafu akaanza kuupunga kama wengine.

Wingu likatufikia kwa sauti ya mvua ya mbali. Nkungu waliingia masikioni, puani, kwenye wino wa karani na kwenye chai ya Bwana. Nilikimbia na kibakuli, nikicheka.

Mwenye mashua akasema mwera unaanza kuchafuka, hawawezi kungoja. Bwana akafunika mdomo kwa leso, akahesabu waliokuwa bado mstarini, karani akaandika. Walikuwa tisa.

Walipokuwa wakipanda mashua karani alimwambia Jumbe, "Bwana anasema watoto wa hapa bado hawana njaa ya shule."

Jumbe alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili. "Mwambie ni kweli," alisema. "Wana njaa nyingine."

Agnesi hakuwa amesogea. Nkungu walikuwa wamemjaa nywele na kope kama masizi. Alisimama pale mpaka mashua ilipozunguka mawe ikapotea.

Jioni tulikula tukashiba. Baba aliuliza, bila hasira, ni mtoto gani aliyeita nkungu kwanza. Mimi nikachovya tonge jingine.

"Karani ndiye aliyenyoosha kidole," Agnesi alisema.

Watu wakacheka, na habari ikaishia hapo. Yeye naye alikula, kama sisi.

Mwalimu alikwenda kule kupita rasi mbili. Baadaye baba alinileta huku mlimani kwa shangazi, nikasoma hapa. Mtoto wa kike, walisema, haendi kukaa mbali, na mama anahitaji mkono. Agnesi ameolewa Lundo, ana watoto wawili.

Mwaka jana niliteremka nikamkuta anakwangua nkungu kwenye ungo. Kwa miaka yote nilikuwa naikwepa siku ile, nikaona niitoe kwa mzaha. Nikamwambia kwamba katika watu wote wa Lwandai mimi ndiye niliyewaona kwanza.

"Wewe?" Aliguna. "Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, majini kabisa. Niliwaona wakiwa wadogo kama moshi wa kiko. Unadhani nilikuminya mkono kwa nini?"

"Lakini mimi nilikuwa sisemi mbele za watu."

"Ndiyo maana nilikuminya kidogo tu," alisema. "Ningejua utasema, ningekuvunja vidole."

Akacheka kweli, akaendelea kukwangua. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba alibaki mstarini kwa kuchelewa kuona. Kumbe aliona chakula kinakuja juu ya maji kabla yetu sote, na tumbo lake lilikuwa tupu kama langu, akafumba mdomo. Alikuwa na miaka kumi.

Leo Mama Tekla amekuja kuaga. Kesho anarudi. Ameniuliza nimtumie dada yangu neno gani, nami nikatazama chini. Barua siwezi kumpelekea, maana itabidi mtu mwingine amsomee, na neno langu kwake si la kupita mdomoni mwa mtu mwingine.

"Hujabadilika, baba," Mama Tekla amesema. "Siku ile tu ndiyo ulipata ulimi."

Kwa hiyo nateremka naye. Nimefunga daftari moja na penseli mbili kwenye lile jani la mgomba, na bado linanuka. Huenda Agnesi akanicheka, kwamba ana watoto wa kuogesha na mihogo ya kumenya. Nitakaa hapo mlangoni mpaka amalize. Herufi mbili anazo tayari. Inayofuata ni N.