Unyoya Mweusi Chini ya Bawa

Ukipandisha kuku mweupe kwa mweupe, hupati weupe watupu siku zote. Nimewaambia wafugaji wengi wapya jambo hili, na karibu wote hunitazama kana kwamba nawatania. Mimi nililijua kwa shida, miaka ya hamsini, nikiwa mke mpya Iyunga, wakati nilipohitaji jogoo mmoja mweupe kuliko nilivyohitaji nguo.

Baba yangu, kule Uyole, alikuwa amemwambia baba mkwe mbele ya watu msibani kwamba hakuja kulia, alikuja kula. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikutembeleana, na mimi sikuruhusiwa kwenda kwetu. Kisha zikaja habari kwamba mama yangu mzazi haamki kitandani.

Wazee wakakubali kupatana. Kwa desturi yetu, kila upande ulipaswa kuleta jogoo mweupe asiye na doa, wanawake wa pande zote mbili wawanyonyoe pamoja, na watu wote wale chungu kimoja. Jogoo huyo alipaswa kuanguliwa na kulelewa uani kwa anayemleta. Wa kununua hakufaa. Ilikuwa kama kumtuma mtu baki akuombee radhi.

Mama mkwe alinikabidhi mimi kazi hiyo. Mume wangu, aliyekuwa utingo wa lori la Iringa, alileta kutoka kwa mfanyabiashara wa huko jogoo mweupe wa kizungu na mitetea wawili weupe. Nikawatengea banda lao. Mayai yalipoanguliwa nikamwinua mtetea taratibu: vifaranga wa njano, ambao ndio hukua wakawa weupe, na katikati yao wawili weusi kama masizi.

"Jogoo wa jirani ameingia humu," mama mkwe alisema.

"Hajaingia, mama. Mlango nafunga mwenyewe."

"Basi hawa weusi wamekuja na lori?"

Leo jibu ninalo, na si gumu. Ukipaka ukuta udongo mweupe, ule mwekundu wa chini haujaondoka, umefunikwa tu. Weupe wa kuku wengi ndivyo ulivyo. Jogoo na mtetea wanaweza wote kubeba rangi iliyofunikwa, na kifaranga asiyerithi kifuniko kwa yeyote kati yao hutoka na rangi yake wazi. Si uchawi, wala si uzembe wako, kwa hiyo usikate tamaa. Ukitaka kumjua jogoo, mpandishe kwa kuku weusi. Akitoa kifaranga mweusi hata mmoja, anabeba rangi. Wakiendelea kutoka weupe kila wanapoanguliwa, huyo unaweza kumwamini. Lakini jaribio hilo linataka muda, na mimi muda sikuwa nao.

Nikabaki na wale wa njano. Kila asubuhi niliwakamata mmoja mmoja, nikapuliza manyoya na kutazama ngozi. Mmoja akatoka madoa shingoni, mwingine mgongoni. Kila doa lilikuwa kama mtu ameufunga mlango wa kwetu. Mwishowe akabaki pora, jogoo mchanga, mmoja tu aliye safi. Uyole walisema mama sasa hapokei chochote ila uji. Nilimwomba baba mkwe niende hata nikamwone tu nirudi.

"Jogoo akikua, tutakwenda wote," alisema, wala hakuinua uso.

Siku moja kabla ya kikao nilikuwa namwosha jogoo miguu. Nikainua bawa, nikauona unyoya mmoja mweusi, mfupi, ukichungulia karibu na kwapa. Nilimwita mama mkwe. Akainama akautazama.

"Niung'oe?" nikauliza.

"Halafu shangazi yako akute shimo? Yule ana macho."

"Basi tungoje wengine wakue."

"Na mama yako naye atangoja?" Alilirudisha bawa mwenyewe. "Mfunge miguu. Tunakwenda naye hivyohivyo."

Uyole maji yalikuwa yamechemka. Tulikaa duara, wakwe na wenyeji, tukaanza kunyonyoa. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyefika kwenye bawa lile. Aliuinua unyoya juu. Mikono yote ikasimama.

"Wakwe, jogoo wenu amekuja amevaa kaniki?"

Mama mkwe aliendelea kunyonyoa. "Tumeuona tangu jana. Tungetaka asiye na doa, sokoni wamejaa. Huyu tumemlea."

"Mmemlea bila kumkagua?"

"Muulize mwanenu. Amemkagua mpaka jogoo akimwona anainua bawa mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka puani. Shangazi aliugeuza ule unyoya, akanitazama mimi, kisha akamtazama jogoo wa kwao aliyekuwa mapajani mwake.

"Wetu hana doa," alisema, "ila hana nyama. Waingie wote, wasaidiane."

Akautupa unyoya motoni.

Baba ndiye aliyempakulia baba mkwe, kwa mkono wake. Sikungoja kusikia wamesemezana nini. Shangazi alinipa bakuli lenye firigisi ya jogoo wetu, akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mama. Mama yangu alikuwa amekonda hadi shuka halikuonyesha mtu. Alitafuna polepole, akameza.

"Huyu ndiye mwenye kaniki?" Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta.

"Ndiye, mama."

"Niongezee mchuzi."